Bi Ruhusa Akabidhi Ufunguo

Dada yetu, ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Ruhusa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Mama alisimulia kwamba tangu utotoni hakugusa cha mtu bila kuomba, na ole wako uguse chake.

Alimaliza sekondari mwaka 1984, kisha akasomea utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka 1987 aliajiriwa hospitalini, katika chumba cha mafaili chenye vumbi la kumpigisha chafya hata mzima. Kompyuta zilipoingia, wenzake walizikwepa. Yeye akavuta kiti.

Kazi yake ikawa kuamua nani aone nini. Katika programu ya hifadhidata alifungua dirisha la watumiaji, akachagua jina, akaweka tiki kwenye visanduku: huyu asome, huyu aandike, huyu asifute kamwe. Mkurugenzi alipodai tiki zote kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, alipewa ya kusoma takwimu tu, na akaelezwa kwa heshima zote kwamba cheo hakifungui faili la mgonjwa. Alinuna, kisha akazoea. Lakini dada naye alikuwa binadamu. Mwaka 2009, akidhani amechagua jina la karani aliyehama, alijiondolea ruhusa zote yeye mwenyewe. Hospitali ilikwama ikimsubiri fundi kutoka makao makuu, na dada alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo alihakikisha ruhusa kamili iko kwa watu wawili, na wa pili alimfundisha kwa mkono wake: msaidizi wake, aliyempenda kama binti yake wa kumzaa.

Tarehe 15 Agosti 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala. Shemeji hupenda kusema kwamba katika nyumba ile yeye alipewa ruhusa ya kusoma tu. Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Januari 2024 tumbo lilianza kumsumbua, akapimwa palepale kazini kwake. Majibu yaliingia kwenye kompyuta wakati daktari wake yuko safarini. Shemeji, ambaye hofu ilishamnyima usingizi, alimsihi ayafungue.

"Baba watoto, na mimi naogopa," alimjibu. "Lakini nikiyafungua mwenyewe leo, kesho nitamzuia nani?"

Wakamsubiri daktari, wameshikana mikono. Ilikuwa saratani.

Mwishoni mwa Mei, akiwa wodini, alimwita msaidizi aje na kompyuta mpakato, amwondoe kwenye orodha ya watumiaji. Aliuliza kwanza kama mtu wa pili wa kushika ruhusa kamili pamoja na msaidizi amepatikana. Akaambiwa yupo, na ameshaiva. Msaidizi alifika kwenye kitufe cha mwisho, mkono ukagoma.

"Mama, siwezi."

"Mtu akiondoka haondoki na funguo, mwanangu."

Dada akaweka mkono wake juu ya ule wa msaidizi, wakabonyeza pamoja. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu, sisi ndugu zake, na msaidizi wake, ambaye kwa agizo la marehemu leo anakaa kiti cha mbele pamoja na watoto.

Mungu amfungulie dada yetu, naye apumzike kwa amani.