Mkuki wa Mzee Kalinga Haukuwa wa Kuuzwa

"Mkuki wa baba yangu siyo mbuzi wa mnadani!"

Ndivyo alivyofoka marehemu mzee Bartholomeo Kalinga tarehe 22 Aprili 1958, mbele ya kamati ya nyumba ya vitu vya kale, Iringa mjini. Mwenyekiti, bwana Edmund, alikuwa ameshapata Mzungu wa kuununua. Akamjibu, "Mzee, paa linavuja. Mkuki hauzibi mvua."

"Basi uza hicho kiti chako. Nacho cha zamani, na hubanduki."

Marehemu alizaliwa Ilula mwaka 1896. Alisoma misheni miaka miwili, akatoroka kwenda kuchunga. Alisema ng'ombe hawachapi mtu fimbo.

Mwaka 1921 alifunga ndoa na mama Verediana. Mama alizoea kutania kwamba kaolewa na waume wawili, mmoja wa chuma.

Mwaka 1952 kamati ilimwomba huo mkuki wautunze, watoto wa shule wauone. Alikubali kwa sharti moja: akifa urudi, maana kwetu mrithi hukabidhiwa mkuki kaburini. Lakini mkuki wa ukoo haulali nyumba isiyo na moto. Basi mzee akaomba kazi ya ulinzi palepale, akapanga chumba Kihesa, na kila jioni akaingia na jiko la mkaa. Bwana Edmund alilimwagia maji, akipiga kelele nyumba itaungua. Mzee akacheka: "Mwaga tu, mwanangu. Mkaa ninao gunia zima. Wewe maji unachota bondeni."

Kifua kilimbana tangu Pasaka. Jumanne tarehe 13 Mei alisikia mkuki umeshapigiliwa misumari sandukuni, tayari kwa yule Mzungu. Akajikongoja hadi kwenye kamati. "Mnauza cha mtu ambaye hajafa?" Wakamkaribisha chai. Hakuigusa. Alifariki alfajiri iliyofuata.

Ameacha mjane, mama Verediana, mabinti Apolonia na Damari, na mwana mmoja, Fanueli, anayesoma karatasi hii. Bwana Edmund naye yupo, amekalia benchi la mbele na shada lake la maua. Shada tumepokea. Mkuki je? Mrithi amesimama kaburini hapa Ilula mikono mitupu.

Lala, baba, Mungu akufunike vizuri. Moto tutauwasha sisi.

Waombolezaji mbaki mle ugali. Fanueli hatakula. Lori la Iringa linapita saa nane, na lile sanduku la mkuki halijasafirishwa bado.