Daktari wa Usingizi Aliyeituliza Mioyo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka daktari wa usingizi aliyetutoka juma lililopita, nyumbani kwake, akiwa na watoto wake. Wodini walimwita Mama Taratibu. Nyumbani, jina hilo liliwachekesha watoto wake. "Mama yetu? Chai anainywa amesimama," anasema binti yake mkubwa. "Sisi tunatafuta viatu, yeye keshafika getini."

Lakini kwenye chumba cha upasuaji wa moyo hakuwa na haraka hata chembe.

Enzi zile upasuaji huo ulikuwa bado mgeni pale hospitalini. Siku moja akaletwa mwoka mikate, mwanamke msemaji kwelikweli, vali ya moyo wake, ule mlango wa kupitishia damu, imebana. Siku hiyo maneno yalikuwa yamemwisha. Mikono ya baridi, moyo mbio. Daktari mpasuaji akachungulia, akamwambia Mama Taratibu:

"Dada, tuanze. Kila kitu tayari."

"Kila kitu isipokuwa yeye, kaka. Moyo wake bado unakimbia."

Wasikilizaji wapendwa, hata mwili uliolala hushtuka. Mpira wa kupumulia ukipita kooni, presha hupanda, moyo hukurupuka. Moyo mzima huhimili. Moyo mgonjwa unaweza kugoma palepale. Ndiyo maana alitanguliza dawa kali ya maumivu, ya jamii ya mofini. Ni dawa ya kuheshimiwa. Ikizidi, pumzi hukatika. Aliisukuma kidogo kidogo, amekaa kando ya mgonjwa, macho kwenye kioo cha mapigo.

"Mama, mkate wako unaumukaje? Wangu hutoka tofali."

Mwoka mikate akamtazama. "Unaukanda kwa hasira, daktari. Unaonekana tu."

Akaendelea kumfundisha, sauti ikilegea, mpaka akapotelea kwenye habari za hamira. Akaongezewa dawa ya usingizi, mpira ukapita. Mapigo hayakuruka. Mpasuaji akacheka chini ya barakoa. Yule mama alirudi kwenye tanuri lake, akalea wajukuu.

Miaka ikapita, zamu ikawa ya Mama Taratibu mwenyewe. Mishipa ya moyo wake iliziba. Wa kumlaza alikuwa daktari kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mwanangu," akamwambia, "leo mimi si mwalimu wako. Naogopa."

Hakuwahi kulisema hilo mbele ya mtu. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa chake, akampa dawa polepole huku akimuuliza habari za watoto.

Aliamka salama, akaishi miaka mingi tena. Binti yake anakumbuka maneno yake: "Nilidhani kazi yangu ni dawa. Kumbe wagonjwa walikuwa pia wananisubiri nikae nao."

Kwa watoto wake, wajukuu na wote aliofanya nao kazi, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nasi tuliobaki, tukimkuta mtu ameshikwa na hofu, tusikimbilie kumwambia asiogope. Tukae naye kwanza.