Herufi Mbili za Mama Sini

Ndugu zangu, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu, kwa wale wenye kazi, mkaja kumsindikiza shangazi yangu, familia imenipa mimi, mtoto wa marehemu kaka yake, heshima ya kusoma historia hii, na sababu iliyotolewa kikaoni ni kwamba nina digrii na sina pa kwenda, yote mawili ni kweli, kwa hiyo nitasoma, ila namwomba kila mtu abaki alipokaa hadi mstari wa mwisho, hata yule aliyekuja na shada kubwa kuliko yote na sasa anaangalia saa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sini, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1969, saa mbili asubuhi, katika nyumba za watumishi nyuma ya posta, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba aliyekuwa mpanga barua na mama aliyekuwa mshona mashuka ya hospitali. Babu yetu alikuwa na mikono isiyojua likizo, hata maharage ya kupika aliyapanga mezani mafungu mafungu, kila fungu akaliita kwa jina la mtaa, akawa anamwambia bibi, "Mama watoto, huu mtaa wa tatu leo una mawe mengi," na marehemu, akiwa bado mdogo wa kukaa chini ya meza, alikuwa anasikiliza. Naomba mnishikie hayo maharage, tutayahitaji mbele.

Alianza darasa la kwanza Januari 1976 katika shule iliyo ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1982, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1983 hadi 1986, ambako insha zake zilikuwa ndefu kuliko subira ya mwalimu, naye mwalimu akamwandikia kwa wino mwekundu kwamba apunguze maneno, huyo nadhani ndiye mhariri pekee aliyewahi kumtendea haki. Januari 1987 aliingia chuo cha uhazili, akahitimu tarehe 27 Novemba mwaka huohuo kwa kasi ya maneno sitini kwa dakika bila kutazama vidole, na huko ndiko alikofundishwa sheria iliyokuja kumponza, kwamba mpiga chapa hana maoni na hana jina, ana herufi mbili tu za mwanzo wa majina yake, ndogo, chini kushoto mwa ukurasa wa mwisho, ili kosa likionekana bosi ajue nani wa kufokewa.

Aliajiriwa kwa wakili tarehe 11 Januari 1988, akakaa hapo miaka mitatu, kisha tarehe 4 Februari 1991 akahamia kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi lililo mkabala na benki, mnalijua, lile lenye mlango unaogoma kufunguka mpaka uupige bega, na hapo alifanya kazi miaka thelathini na mitatu, akichapa barua za maombi ya kazi za nusu ya watu waliokaa hapa, zikiwemo zangu mia moja na kumi na mbili, ambazo zilichapwa vizuri kuliko zilivyojibiwa.

Tarehe 19 Septemba 1992, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi redio na televisheni, mume mpole, aliyeketi pale mbele, na kama kuna mtu anauliza shangazi yangu alisomea wapi kuandika filamu, chuo chake kilikuwa karakana ya mume wake. Televisheni zilizoletwa zikiwa na picha bila sauti alizitazama jioni akitoka kazini, akaandika daftarini kila alichokiona, nani kaingia, kashika nini, kaangalia wapi, na zilizoletwa zikiwa na sauti bila picha alizisikiliza, akaandika watu wanavyokatizana, akajifunza kwamba mtu mwenye hasira ya kweli hazungumzii kinachomkera, anazungumzia kikombe kilichoachwa bila kuoshwa. Jirani mmoja alichungulia dirishani akamwambia, "Shemeji, hiyo TV haina sauti," akajibiwa, "Nyamaza basi, nasikiliza," na wateja wakalalamika kwamba vifaa vyao vinachelewa, fundi akawa anawaambia bila haya, "Mwenzangu hajamaliza kuutumia huo ugonjwa." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1994, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1998, ambao walikua wakiamini kila nyumba ina mama anayesimamisha ugomvi wa watoto na kuwaambia warudie, maana mara ya kwanza haukuwa na ukweli.

Mwaka 1999 alifika dukani mteja mmoja, Mtayarishaji wa filamu, na nitamwita hivyo hivyo kwa kazi yake kwa sababu tuko msibani na nimelelewa, akiwa na skripti iliyoandikwa nyuma ya karatasi za matangazo, wahusika wakibadilika majina katikati, mama mkwe akifa ukurasa wa tisa na kupika chai ukurasa wa kumi na tano, na shangazi, kwa adabu ya kazi yake, akachapa, ila yule mama mkwe akamwacha hai. Mtayarishaji aliporudi hakuuliza kitu, akaleta nyingine, na nyingine, miaka mitano mfululizo, akisema kwa sauti ya kuchangamka, "Mama Sini, wewe mkono wako una chumvi kidogo," na jina la Mama Sini likatoka hapo, kwa sababu kila karatasi aliyoshika alikuwa anahesabu sini, yaani vile vipande vya filamu. Ndugu zangu, ile haikuwa chumvi, ilikuwa mboga, nyama na moto wenyewe, na yeye Mtayarishaji alileta sufuria tu.

Wakati huohuo marehemu alikuwa anaandika ya kwake, kwa mkono, rasimu baada ya rasimu, hadithi ya mpanga barua anayegundua kwamba mtu fulani amekuwa akijiandikia barua mwenyewe kwa miaka ishirini ili apate sababu ya kufika posta, akaiita Sanduku Namba Saba, akaikatakata na kuianza upya mara kumi, na rasimu ya kumi na moja ilipokamilika akaichapa kwenye mashine ya dukani, kurasa tisini na sita, safi kama shuka za bibi. Alhamisi tarehe 12 Mei 2005 alimkabidhi Mtayarishaji mkononi, na hapa ndipo penye kosa lake, kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya, kwani vidole vyake vilivyozoea sheria ya chuo vilifika ukurasa wa mwisho vikaweka chini kushoto zile herufi mbili ndogo, basi, wala jina lake halikuwekwa mahali pengine popote.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2006 filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa manispaa, tukaenda watu kumi na wanne wa familia hii, tumepiga pasi mpaka soksi, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, na tulipoona babu wa kwenye filamu anapanga maharage mezani shangazi alinishika mkono mpaka ukauma, halafu ikaisha, watu wakasimama kutafuta mlango, sisi tukabaki tumekaa kusubiri jina, likaja la Mtayarishaji kama mtunzi, likaja la Mtayarishaji kama mwandishi, na mwisho kabisa, baada ya dereva na mpika chai wa waigizaji, likaja la shangazi yangu chini ya neno Uchapaji. Kesho yake alimfuata ofisini, ghorofa ya pili, kwenye ile sofa ya ngozi bandia inayokunasa mapaja, naye Mtayarishaji akafungua ukurasa wa tisini na sita, akaweka kidole chini kushoto, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mama yangu, hizi herufi huwa zinawekwa na nani?" na marehemu akajinasua kwenye sofa, akashuka ngazi, kwa sababu kwa miaka mingi yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha mabinti wa dukani jibu la swali hilo. Alirudi nyumbani, akamkabidhi mume wake rundo la rasimu, akamwambia, "Baba watoto, katupe hizi, zinanichoma macho."

With all due respect, mtu mwingine angeacha, na watu walimshauri aache, lakini marehemu alikaa miezi mitatu, akanunua daftari jipya, akaandika jina lake kamili juu ya ukurasa wa kwanza kabla hajawa na hadithi yoyote. Kuanzia hapo alijifunza kazi ya pili, ngumu kuliko kuandika, ya kuiuza kazi yake bila kuomba radhi, akawa anasimulia filamu nzima kwa muda ule ambao mashine inatoa fotokopi arobaini za mteja, akimwona mteja anaangalia mashine badala ya kumwangalia yeye anajua ni wapi hadithi imelegea, akatengeneza muhtasari wa ukurasa mmoja wa kila skripti, akazunguka nao kwenye vituo vya televisheni na matamasha akiwa na mkoba wake wa kahawia, akaulizwa, "Nani amekutuma?", akaulizwa, "Mama, una watu wangapi wanaokufuata mtandaoni?", akaambiwa tutakupigia na watu ambao hawakuchukua namba. Mwaka 2019, nilipomaliza chuo na kuanza maisha yangu ya kuambiwa nilete uzoefu wa miaka mitano, mimi na yeye tulikuwa tunafanya mazoezi pale dukani, mimi najifanya bosi, nimepandisha miguu juu ya katoni za karatasi, namuuliza, "Wewe ni nani?", naye anaanza, "Mimi, eeh, huwa naandika andika kidogo," nami namfukuza, "Toka nje, ingia tena," mpaka siku aliyoingia, akaupiga mlango bega, akasema, "Mimi ni mwandishi wa filamu, na hiyo miguu ishushe," nikaishusha. Mwaka 2021 wanafunzi watatu wasio na ofisi wala sofa walimtengenezea filamu ya dakika kumi na mbili, wakaweka jina lake mwanzoni, sekunde nne, na mume wake akaisimamisha picha pale pale, ikakaa kwenye kioo cha televisheni pale karakana tangu mchana hadi walipofunga, wateja wakasoma, wakampa hongera.

Mnamo tarehe 15 Januari mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa, figo zote mbili zikaonekana zimechoka, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na katika kile kiti cha wodi, mkono wa kushoto ukiwa na mirija, mkono wa kulia uliendelea na skripti yake ya mwisho, akaimaliza tarehe 2 Juni, sahihi yake kila ukurasa, akamkabidhi binti yake mbele ya muuguzi, na Alhamisi tarehe 20 Juni 2024, saa tisa alasiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Jana, mwili ukiwa bado mochwari, Mtayarishaji alifika nyumbani na shada lake, akatoa pole, akanywa chai, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna kazi yake marehemu alikuwa anamalizia kumchapia, kama ipo karibu angeondoka nayo. Nawaambia ukweli, baadhi ya wazee walikuwa tayari kumpa ile skripti ya mwisho, na historia ya kwanza niliyopewa niisome hapa, ninayo mfukoni, ilisema marehemu alikuwa mpiga chapa hodari aliyewasaidia waandishi wengi, nilipobisha baba mkubwa akaniambia, "Mwanangu, msibani hapagombwi, soma kilichoandikwa." Mume wa marehemu hakugombana na mtu, aliinuka, akaenda karakana, akarudi amekumbatia kasha la televisheni ya zamani, akalifungua kwa bisibisi mbele ya wote, na humo ndani hamkuwa na waya, mlikuwa na rasimu kumi na moja za Sanduku Namba Saba, za mwandiko wa mkono, zenye tarehe pembeni kuanzia Septemba 1999, kwa maana fundi akiambiwa atupe kitu huitikia vizuri tu, halafu hakitupi. Akamwambia Mtayarishaji, "Bwana, mpiga chapa anachapa mara moja, huyu alikosea mara kumi, wewe nionyeshe ulipokosea wewe." Baba mkubwa akachukua rasimu ya tatu, akasoma, akafika kwenye maharage, yakiwa na majina ya mitaa yetu yenyewe na babu akimwambia bibi vilevile alivyokuwa akimwambia, akavua miwani, kisha akaniomba ile karatasi yangu, akakata maneno mpiga chapa kwa kalamu yake mwenyewe, akaandika juu yake. Kuchapa si aibu, kulitulisha sote, aibu ni kumzika mtu chini ya kazi moja ili mwingine atembee na kazi yake ya pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa muuguzi aliyekuwa anamshikia daftari lisianguke, inamshukuru mwenye duka aliyempa ruhusa bila kumuuliza maswali, mabinti wa dukani waliochapa historia hii bure, na ambao nimewaomba leo waandike majina yao kamili chini, inawashukuru majirani kwa viti, kuni na maji, wale wanafunzi watatu waliokuja kwa miguu, na Mtayarishaji kwa shada, ambalo tumelipokea, lakini skripti hatutoi. Rasimu zote kumi na moja ziko juu ya meza karibu na jeneza, mtakapopita kuaga mnaruhusiwa kufungua na kusoma, na wewe bwana, ukiwa na rasimu yako ya ile filamu, hata moja, hata yenye chai imemwagikia, ilete, tutaiweka hapo hapo pembeni, tuna nafasi.

Ahsanteni kwa kubaki mmekaa. Sasa natoa ile karatasi mfukoni, hivi ndivyo baba mkubwa alivyoandika, nami nasoma kama ilivyoandikwa: kazi ya marehemu, mwandishi wa filamu. Shangazi, jina lako leo liko juu kabisa ya msalaba, zima zima, na hakuna aliyesimama kabla halijasomwa, pumzika kwa amani.