Mzee Taratibu na Kidato cha Mlangoni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya taa za nje, fundi mkuu tunayemwita Mzee Taratibu atakabidhi funguo za stoo na kustaafu. Anaondoka akiwa mzima, na macho yake yanaona. Mwaka jana tusingethubutu kuandika sentensi hiyo.

Alianza kwa kuchimba mitaro ya nyaya. Mwaka wake wa pili alifukia waya bila bomba, kwa haraka, jembe la mtunza bustani likaukata. Hakuna aliyeumia, lakini pupa ilimwisha siku hiyo hiyo. Hadi leo hachori kitu kabla ya kuitembea njia ya mteja mara tatu, kutoka geti hadi mlangoni, kigiza kikiingia, mwenye nyumba akitazama saa.

Mwaka jana mteja mmoja alitaka taa mbili kubwa juu ya nguzo za geti, tena upesi. Mama yake, mwalimu mstaafu, alikuwa ameanguka kwenye kidato cha mlangoni na kuvunjika mkono. Tangu hapo jioni alikuwa hatoki, hata kwa dada yake, nyumba ya tatu. Mzee Taratibu alifunga taa moja ya majaribio, akamwomba mama watoke pamoja. Mwanga ukawapiga usoni. Wote wawili wakasimama, kila mmoja akikipapasa kidato kwa mguu.

“Wewe nawe hukioni, mwanangu,” mama akamwambia fundi. “Usinidanganye, nimefundisha watoto miaka arobaini.”

Fundi alikuwa ametuficha kwa miezi kwamba haoni vizuri. Tulimwona akisogeza michoro dirishani tukadhani ni mbwembwe za ukubwa. Hospitali wakasema mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alituaga kwa mizaha, ila sisi chai ilitushinda.

Kabla ya upasuaji alituachia mchoro wa njia ile: taa sita fupi, kimo cha goti, zenye kofia za kuelekeza mwanga chini, zikipishana kushoto na kulia, na taa nyembamba chini ya ukingo wa kidato. Mwenye nyumba alilalamika kwamba tunamfungia vibatari. Mama yake akamkata kauli: “Anayeanguka hapo ni mimi.”

Jioni tulipoziwasha, mwana alinyoosha mkono kumshika mama yake pale kidatoni. “Niache, nakiona,” mama akasema. Akashuka, akafika getini, akaenda zake kwa dada yake bila kusema atarudi saa ngapi. Mwanawe aliketi kwenye kile kidato akacheka hadi machozi. Tulimpigia simu fundi wodini. Aliuliza kama waya tumeupitisha kwenye bomba.

Alirudi kazini baada ya miezi mitatu, na safari yake ya kwanza ilikuwa kwenye njia ile. Alisimama getini, akakunja uso. “Ile ya nne ni nyeupe kuliko wenzake. Mmenifungia nini hapa?” Kweli, tulikosea balbu, na sita tuliokuwepo hatukuliona hilo. Hatujawahi kugombezwa tukafurahi kiasi kile.

Kaka yetu, mwalimu wetu, ahsante kwa subira yako. Mkeo anasema anakusubiri kwa hamu, na ameshaandaa orodha ya vitu vya kutengeneza. Afya njema, usingizi mnono, na siku ndefu zisizo na haraka. Balbu tumeshaibadilisha.