Hatua Moja Karibu na Nguzo

Mvua ilikuwa imekatika, lakini kijiweni hapakuwa na kicheko. Wembe, kinyozi wa kibanda cha bluu, alizikwa jana. Alikuwa akivuka tope kando ya nguzo ya chuma ya taa, ndala mkononi, akaanguka kama gunia. Na nguzo yenyewe hakuigusa. Koleo, fundi umeme, ndiye aliyemfumba macho. Leo kahawa ilipoa mkononi mwake.

— Hakugusa kitu, umeme umemfikiaje? aliuliza Waziri, mshona nguo. Hapo pana mkono wa mtu.

— Mkono wapi! alidakia Spika, fundi viatu. Ni radi. Ilipiga mwezi uliopita, ikajificha ardhini, ikamvizia. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Uvungu umeingiaje hapa? aliuliza Waziri.

— Kwani ardhi si uvungu wa mbingu?

— Haya, basi nisikilizeni mimi. Waziri akashusha sauti. Huko chini umepita waya wa siri, unalisha jumba la mkubwa fulani...

— Acheni, jamani, alisema Koleo. Nimepima asubuhi, kabla watu wa shirika hawajakata umeme. Nilichomeka vyuma viwili ardhini, hatua moja kati yake, nikaunga mita.

Akaokota mkaa, akachora nguzo sakafuni, kisha duara nje ya duara.

— Waya umechubuka ndani, unagusa chuma. Umeme unashuka, unatandaa kwenye udongo. Hapa karibu una nguvu, ukienda mbali nayo unafifia. Mnaona maduara yalivyobanana kwenye nguzo? Ukipiga hatua moja tu, mguu huu uko penye nguvu nyingi, ule penye kidogo. Tofauti hiyo ndiyo iliyopita mwilini mwake. Huku tulipo, mita haikusoma kitu.

— Kwa hiyo angepita huku... alianza Spika.

— Angefika kwake.

Hapo ndipo alipotokea dada yake Wembe, kaniki begani, kufuata ufunguo wa kibanda aliokuwa nao Waziri. Wakainuka kwenye benchi.

— Pole sana, dada.

— Nimeshapoa.

Aliitazama michoro ile kwa muda, akatazama kule kwenye nguzo.

— Nilipokuwa namletea kaka chakula, benchi lenu lilikuwa pale, chini ya taa. Mlilihamisha kwa nini?

Koleo aliikumbuka siku ile ya manyunyu ya kwanza: chuma cha benchi kiliwatekenya mapaja, wakaruka, wakacheka mpaka machozi, wakasema nguzo ina wivu. Wakalibeba benchi watatu wao hadi huku pakavu. Wembe alikuwa kibandani, ana mteja kitini. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Hata yeye Koleo, mwenye mita, aliona ni mchezo.

— Kwa nini? aliuliza tena, kwa upole.

Waziri alimnyooshea ufunguo. Dada hakuupokea. Alikuwa bado anasubiri jibu.