Nani Alisema Mtoto Anajua Kuogelea?

Mchungaji, wazee wa Seme, majirani mliotoka Nyamasaria, maafisa mliotumwa na kambi, na waombolezaji nyote, familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya kijana wetu, nami ni Fabian Ajwang, mjomba wake.

Marehemu Sydney Oduor alizaliwa tarehe 14 Machi 2003 hapa Kombewa, akiwa kitinda mimba wa dada yangu, Mama Seline, na marehemu mumewe. Kaka yake Mark alizama ziwani tarehe 2 Januari 2009, akiwa na miaka kumi na mmoja, na baada ya matanga Mama Seline aligawa nyavu zote za mumewe, akahamia Nyamasaria, akaapa kwamba maji hayatamla wa pili. Sydney aliogea kwenye karai, na shule ilipowapeleka wenzake ufuoni Dunga, yeye alibaki nyumbani akimenya viazi. Watu walimcheka mama huyo, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2010 hadi 2017, akamaliza kidato cha nne Machi 2022, kisha akawa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha katika karakana ya jua kali, hadi Septemba 2024 alipochukuliwa jeshini. Mama yake alikataa katakata, nami nikamtuliza kwamba hili ni jeshi la nchi kavu, maji mtoto atayaona kwenye kikombe tu.

Ndoa hakufunga, ingawa Valarie, aliyeketi pale mbele na shati la Sydney mapajani, alikuwa ameshatambulishwa nyumbani, na watoto hakujaliwa. Kuugua hakuugua, kwani kule kambini alipimwa macho, meno, moyo na nyayo, akaonekana mzima kabisa, ila kuogelea hakuna aliyempima, walisoma tu jibu kwenye fomu ya kujiunga.

Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, makuruti waliamriwa kuvuka bwawa wakiwa na buti na mzigo mgongoni, na mkufunzi akataka watoto wa ziwa watangulie, wawaonyeshe wenzao wa nyanda kavu. Sydney alitangulia. Alipoanza kutapatapa wenzake walimpigia makofi, wakidhani anawachezea, na makofi hayo ndiyo aliyozama nayo.

Siku kumi na moja sasa, dada yangu anamuuliza kila anayeingia hapa nani alisema mtoto wake anajua kuogelea, nami nimekuwa nikimjibu kwamba sijui. Leo asubuhi amemtemea mate afisa aliyeleta shada la maua. Afisa alijifuta akanyamaza, ingawa fomu alikuwa nayo mfukoni, na alikuwa ameshanionyesha. Sahihi ni ya Sydney, lakini yale maneno, “Ndiyo, tangu utotoni,” ni mwandiko wangu, kwa kuwa niliona aibu mtoto wa Seme, kando ya ziwa, kuandikiwa “Hapana.” Yeye aliniangalia, akatia sahihi kwa heshima.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani waliopika na kubeba viti, na makuruti wenzake walioingia majini kumtoa. Afisa, utusamehe, mate yale yalikuwa haki yangu.

Dada, umejibiwa.

Pumzika, Sydney, kwenye nchi kavu niliyomwahidi mama yako.