Deonilda, Binti wa Olímpia (1939–2024)

Marehemu Dada Deonilda Wisniewski Padilha alizaliwa tarehe 14 Julai 1939 huko Linha Sétima, nje ya mji wa Nova Prata. Alikuwa kifungua mimba wa Estanislau Wisniewski, mchonga mawe mwenye asili ya Poland, na Olímpia Bortolon, binti wa Mwitaliano aliyevuka bahari kuja Brazili. Mdogo wake, Leonir, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alizaliwa mwaka 1949. Wapendwa, ishikeni vizuri miaka hiyo miwili.

Alisoma kwa masista mjini hadi mwaka 1957, kisha akafundisha watoto wa Linha Sétima kwa miaka thelathini na mmoja. Wengine wenu hapa bado mnaikumbuka rula yake. Tarehe 6 Mei 1961 alifunga ndoa na Ari Padilha, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu. Ari alitangulia mbele ya haki mwaka 1998.

Mwaka 2014 Leonir alipata uraia wa Italia kupitia kwa Mama. Mwaka uliofuata Dada alipeleka faili lile lile ubalozini, akakataliwa. Sheria ya kale ilisema mwanamke hawezi kumrithisha mtoto uraia, na ubalozi uliwakubali tu waliozaliwa kuanzia mwaka 1948. Tumbo moja, maziwa yale yale, lakini yeye alikuwa amewahi mno kuzaliwa.

Jumapili baada ya kukataliwa huko, mezani kwake, Leonir kwa ujinga wake alimtania mbele ya wote: “Si nilikwambia? Mimi ndiye mtoto wa Mama. Wewe uliokotwa!”

Watu walicheka. Dada aliuweka chini uzi wa kukatia polenta, ule ugali wa Kiitaliano. “Haya, Mwitaliano,” akasema. “Kuanzia leo kwangu utakula wali. Polenta ya Mama utaionja siku mahakama itakaposema mimi ni mwanawe.”

Pasipoti hakuwa na haja nayo. Ndege yenyewe aliiogopa. Kilichomuuma ni kwamba uchungu wa Mama siku ile ya Julai ulihesabiwa si kitu. Mwanasheria alipomwonya kuwa kesi kule Roma ingechukua miaka mitatu, alijibu: “Mwanangu, nimewaweza watoto watukutu wa Linha Sétima. Majaji ndio watanishinda?”

Leonir alikula wali miaka sita.

Tarehe 19 Oktoba 2021 Dada alishinda! Siku ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 2 Novemba, alikuja na hukumu hapa hapa makaburini, akamsomea Mama neno kwa neno kwa sauti yake ya darasani, hadi waliokuja na maua yao wakasimama kumpigia makofi. Jumapili iliyofuata unga wa mahindi ulisongwa, polenta ikamwagwa ubaoni, akaikata kwa uzi. Kipande cha kwanza alimpa Leonir.

“Kula, mdogo wangu. Nawe pia ni mtoto wa Mama.”

Leonir alikula huku akilia, wala haoni haya kulisema.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023. Alilazwa mara mbili, na mara zote mbili aliwasahihisha wauguzi mwandiko. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 8 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka themanini na minne.

Ameacha watoto watatu, Marilde, Jandir na Rosemari, wajukuu sita, vitukuu wawili, na mdogo wake mmoja, wa tumbo moja naye, kwa hukumu ya mahakama.

Apumzike kwa amani, ubavuni mwa Mama.